Ganda la Kadi ya Godeliva

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023. Mawingu tangu alfajiri, mvua haikunyesha, joto kali.

Sabiri Mustafa, fundi wa miaka hamsini na tisa, ana karakana mtaa wa Itetemia. Hutengeneza maganda mapya ya kadi za kumbukumbu za kompyuta za zamani, zile za ukubwa wa kitambulisho, ambazo viwanda vimeshaziacha. Hupima, huchora kwenye daftari, kisha huchonga ganda la majaribio kwa mbao ya mninga kabla ya kukata la plastiki. La mninga hulisugua mpaka ling'ae. Wenzake humcheka kwa hilo.

Mchana huo Godeliva, mjane kutoka Ulyankulu, alikuwa amekaa kwenye benchi. Kadi yake ilikuwa na vipimo vya shamba la marehemu mumewe, na nakala nyingine hakuna. Kesi ya kugombea shamba hilo na shemeji yake ilikuwa Alhamisi.

Saa nane akaingia shemeji huyo, Niyokwizera, na nyundo ya kilo mbili.

"Shikamoo mzee. Iko wapi?"

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Shemeji, shamba utalilima ndani ya kompyuta?"

Akamzaba kofi, Godeliva akaanguka pamoja na benchi. Mezani lilikuwapo ganda la mninga la kadi hiyo; Sabiri akalifunika kwa mkono, bila kufikiri, kwa kuwa alikuwa amelichonga siku mbili. Niyokwizera akaona kuna kinacholindwa. Nyundo ikashuka. Vidole vitatu vilivunjika, damu ikaruka ukutani. Akapiga tena, na tena, mpaka ganda likawa vijiti.

"Haya, mpelekeeni hakimu asome!" Akatoka.

Kadi yenyewe, kibao chembamba cha kijani, ilikuwa uchi juu ya pamba, shibiri moja kutoka kwenye kiwiko cha Sabiri. Niyokwizera hakujua kwamba kadi iliyovuliwa ganda huwa hivyo.

"Mzee," Godeliva alisema, mdomo ukivuja damu, "baada ya pigo la kwanza, mbona hukuutoa mkono?"

"Ningeutoa angetafuta kingine cha kupiga."

Hospitali ya Kitete walimfunga Sabiri plasta mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Sabiri alifungua karakana, akabana kipande cha plastiki kwenye jiliwa, kibanio cha mezani, kwa mkono wa kushoto, akampa Godeliva tupa ya kuchongea ganda, akasimama nyuma yake akimhesabia kila msuguo.