Sabuni ya Jinja Yaenda Mbale

Mimi ni muuza sabuni wa Voi, na hilo ndilo lililoniponza. Dada yangu Zainabu, aliyeolewa Jinja, alinipigia simu akilia: kiwanda cha sabuni anakofanya kazi mumewe Twaha kitapunguza watu mzigo usipopata mnunuzi. Basi nikatumwa mimi, ati nina mdomo.

Jinja niliingia asubuhi. Twaha, msimamizi wa mashine, alinipitisha ghalani ubavuubavu. Miche ya sabuni imepangwa mpaka mlangoni mwa choo. Mashine inaunguruma tu.

"Si muizime?" nikamuuliza.

"Haizimwi, shemeji. Bosi anasema ikinyamaza, watu watajua hatuuzi."

Kumbe sabuni inapikwa kwa kuona haya. Hata mshahara wanalipwa kwa miche, kwa hiyo mtaa mzima wa Bugembe wanakoishi kila jirani anauza na hakuna anayenunua.

Mchana nikashika njia ya Mbale, katoni ya sabuni magotini. Kwenye mashamba ya mpunga ya Tirinyi nilikuwa bado nafanya mazoezi ya maneno matamu.

Alasiri boda boda ikanishusha Nkoma, pale Mbale, kwa Hajji Musa, mfanyabiashara wa jumla. Alikataa katakata kuzungumza biashara kabla sijanywa chai. Nilipomaliza nikamwekea mche wangu mkekani. Akaunusa kwa adabu, akashusha pumzi, akafungua chumba cha nyuma. Sabuni mpaka darini.

"Hii ni ya kiwanda ya hapa, bwana. Iko mingi sana. Kesho mimi nilitaka kuja Jinja, kuuzia nyinyi."

Nilicheka, kisha nikamkumbuka Zainabu na kicheko kikanikauka. Kuondoka, Hajji akanipa zawadi ya mgeni: katoni ya sabuni. Kwao kukataa ni matusi, nikabeba zote mbili.

Kesho yake, Jinja, bosi aliinusa ile ya Mbale. Nikamweleza kwamba ghala la kule nalo limefurika.

"Limefurika?" Akashtuka. "Basi mashine yao inatushinda."

Palepale akaagiza mashine kubwa zaidi, inayojiendesha yenyewe. Msimamizi haihitaji, kwa hiyo Twaha kazi hana tena.

Nilichojifunza, ndugu zangu wa Voi, ni kwamba viwandani kila kitu kinaweza kuongezwa isipokuwa nguo chafu. Nilitaka kumwambia hivyo Twaha tucheke. Lakini jioni ile nilimkuta uani ameichukua ovaroli yake mikononi mwa Zainabu, anaifua mwenyewe. Akaikamua, akaianika, akaikunjua mikono taratibu, kama mtu mwenye zamu kesho.