Kiazi Kilichonichoma Vidole

Naandika haya kwa mkono wa kulia, na hiyo yenyewe ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Mimi ni fundi wa chaja za mabasi ya umeme hapa Meru. Sikusomea chuoni. Nilianza kwa kufungua redio mbovu za majirani kwetu Kiirua, nikajifunza kwa kutazama video na kuunguza vitu, mpaka kampuni ya mabasi ikaniajiri. Nina wasiwasi wa kuzaliwa nao. Skrubu ikikaa upande, silali. Murithi, fundi mwenzangu, hunitania: "Kendi, wewe hata ugali utaupima na rula."

Asubuhi moja chaja ilikataa kuwaka. Nilizima swichi kuu, nikaifunga kwa kufuli, nikangoja. Ndani ya chaja kuna kapasita, vikopo vinavyoweza kubaki na umeme mwingi hata swichi ikizimwa. Basi nikapima kwa mita. Sufuri. Nikapima tena, maana ndivyo nilivyo. Sufuri. Kumbe waya mmoja wa mita ulikuwa umekatika ndani ya plastiki yake. Mita hiyo ingesoma sufuri hata ningeigusisha kwenye betri ya basi.

Nikaingiza mkono wa kulia.

Sikumbuki kishindo. Nakumbuka harufu ya nyama ikiungua na ladha ya chuma mdomoni. Murithi alinikuta sakafuni, kidole gumba na cha shahada vimekuwa vyeusi kwenye ncha, kiganja kimepasuka. Hospitalini waliuchunga moyo wangu kwa mashine, kisha wakaondoa nyama iliyokufa na kuziba kiganja kwa ngozi ya pajani. Paja liliuma vibaya. Vidole havikuuma kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Daktari alinidunga ncha za vidole kwa sindano. Nikasema nasikia. Akaniambia nifumbe macho, akadunga tena, akauliza ni kidole gani. Sikujua hata kama alikuwa ameanza.

"Mishipa ya fahamu inaweza kuamka, na inaweza kukataa," alisema. "Usiache mazoezi."

Fundi asiyeisikia skrubu vidoleni atafanya kazi gani? Nilirudi kwa mama Kiirua na mpira mdogo wa kuminya. Niliminya, nikajifinya, nikajigusa kwa barafu, nikiviangalia vidole kutwa nzima. Hakuna kitu. Mama alichoka kunitazama.

"Mwari, binti yangu, achana na hivyo vidole kidogo. Njoo tumenye viazi."

Vilikuwa vimechemshwa na maganda yake. Alikuwa akinisimulia jinsi ng'ombe wa jirani alivyokula sukuma wiki yetu, nami nikashika kimoja bila kufikiri. Nikakitupa mpaka mlangoni.

"Kimekuchoma?"

"Kimenichoma, mama."

Tukatazamana. Akachagua kile kilichotoa mvuke zaidi, akaninyooshea. "Shika tena, tuhakikishe."

Nilishika! Kiliniunguza vizuri kabisa! Tulicheka mpaka nikalia, na mama akaanza kumshukuru Mungu kwa Kimeru huku akipuliza vidole vyangu.

Sasa nimerudi kazini. Ncha ya kidole gumba bado ina ganzi, lakini skrubu naisikia. Mafundi wenzangu, kabla ya kuamini mita, igusisheni kwanza kwenye betri mnayojua ina umeme, na mkimaliza kupima, igusisheni tena. Na wewe uliye kitandani ukingoja kiungo kiamke, fanya mazoezi, kisha kaa na watu wako, uwasaidie kazi.

Mama bado hunipa chai ikiwa moto kupita kiasi. Huwa nakishikilia kikombe kwa muda kidogo kabla ya kukiweka chini.