Siku Shangazi Alipofumua Nywele Zangu

Msusi wetu tulimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale mtaani. Alisukia chumba cha mbele, yeye kwenye kiti, wewe chini kwenye mkeka, kichwa kati ya magoti yake. Ukitikisika anakugonga kwa kitana.

Asubuhi moja nilikwenda kusukwa, nikiwa na mimba ya binti yangu. Mkekani nikakuta kitabu chembamba.

"Cha dada wa duka la dawa," Shangazi akasema. "Kakisahau jana. Anakifuata jioni."

Nyuma palikuwa na picha ya mwandishi, msichana mbichi kabisa, na maneno kwamba hicho ndicho kitabu chake cha kwanza. Shangazi akakichukua, akaishika picha mbali na macho yake yaliyochoka.

"Hizi nywele kasukwa na adui yake. Haya, soma, tuone kama ndani ya kichwa mna kitu."

Nikakiegemeza juu ya tumbo. Mimi niliishia shule ya msingi, nilizoea kusoma pakiti za unga tu, lakini yule msichana aliandika kama mtu anayekusimulia jikoni. Ilikuwa habari ya mwanamke dereva wa lori, anamtafuta mdogo wake aliyegombana naye.

"Mjinga huyu, angeomba radhi mapema," Shangazi akanung'unika.

Mwanzoni kila akiniinamisha nilinyamaza, maana siuoni ukurasa. Basi akaacha kuniinamisha, akawa anajipinda yeye.

Alasiri nywele zikaisha, kitabu hakijaisha. Dereva ndiyo kwanza anabisha hodi kwa mdogo wake. Nikataka kunyanyuka, Shangazi akanikalisha.

"Hapa kisogoni pameenda upande."

"Nimepapasa, Shangazi, pako sawa."

"Msusi ni nani kati yetu? Kaa."

Akaanza kufumua, pole pole, nami nikafunua ukurasa. Mara dada wa duka la dawa huyo mlangoni. Nikakifunga kitabu, nikamnyooshea.

"Mmefika wapi?"

"Anabisha hodi," nikasema.

"Ngojeni nitoke kwanza. Mimi sijafika huko."

Akavuka barabara, akasimama ng'ambo, vidole masikioni.

Tukamaliza. Mdogo mtu alifungua mlango, akamwuliza dereva kama amekula. Basi. Vidole vya Shangazi vikatulia kwenye nywele zangu, havisuki, havifumui.

"Huyu mtoto wa pichani kaniweza," akasema. "Mwite mwenye mali yake."

Shangazi alishahama, yuko mbali. Nikimsuka binti yangu, tukifika kisogoni mkono wangu hupunguza mwendo wenyewe.

"Mama, bado tu?"

"Pameenda upande," namwambia. "Kaa."