Kiherehere

Kwetu Mji wa Kale, mtu akisema ana kiherehere hupewa maji na kuambiwa akae. Maana yake moyo unamwenda mbio kwa hofu. Ndivyo nilivyolifahamu neno hilo tangu utotoni, na siku ya mashindano ya kaunti ya kupokezana kijiti lilinijaa kifua kizima.

Tulikuwa wasichana wanne. Timu mbili za kwanza zingekwenda mashindano ya taifa, na mimi nilikuwa nikiyatamani tangu nianze kukimbia alfajiri kandokando ya Ngome. Lakini asubuhi ile mikono ilikuwa baridi, chai haikupita kooni, na choo cha uwanjani nilikizuru mpaka mlinzi akaanza kunisalimu kama jirani. Nikajiona mgonjwa. Nikaamua kumwomba kocha aniondoe, amwingize msichana wa akiba.

Kocha wetu alikuwa mtu wa bara, mfanyakazi wa bandarini, mpole asiyependa maneno mengi.

"Mwalimu, leo n'na kiherehere sana," nilimwambia. Sikuongeza kitu, niliona nimeshasema yote.

Akatabasamu. "Basi hiyo ndiyo nilikuwa natafuta. Wewe ndiye utamalizia."

Nilimtazama nisijue kama ananidhihaki. Hakuwa na mzaha. Nikaenda kusimama mahali pa kupokea kijiti, moyo ukigonga vilevile, nikijiuliza ameona nini kwangu nisichokiona mwenyewe. Labda, niliwaza, mwili huu unahangaika kwa sababu unataka mbio zianze. Hofu haikupungua hata chembe. Ila niliacha kugombana nayo.

Nilipokea kijiti tukiwa wa tatu, na kwenye mstari wa mwisho tukawa wa pili.

Tulipokuwa tukivua viatu nilimuuliza kocha kwa nini alinibadilishia nafasi. Akasema nilimwambia mwenyewe nina kiherehere, na kwao hilo ni neno la mtu mwenye pupa, anayejitia mbele kwa kila jambo. Akaona siku hiyo pupa ingekuwa na kazi. Nikacheka, nikamweleza kwamba nilikuja kuomba anitoe.

Yeye hakucheka.

"Ningejua, ningekutoa," alisema.

Kumbe neno moja tu ndilo lililonibakiza mbioni. Nikakaa chini kwenye nyasi nikalia, na wenzangu wakadhani ni furaha.