Sukari ya Siku ya Tatu ya Kufunga

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mashine yangu ya kupimia sukari ilionyesha kumi na tatu nukta mbili, ilhali kabla ya kula haifai kupita saba. Jioni iliyotangulia ilikuwa tisa nukta nane. Kati ya vipimo hivyo nilikunywa maji tu, kwani nilikuwa nimefunga siku ya tatu.

Tangu mke wangu na watoto wapokelewe nchi ya mbali na jina langu likakosekana kwenye orodha ya safari, ninaishi peke yangu Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi. Hofu yangu ni moja: kuanguka ndani nikutwe baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo, ili kushusha sukari, nilipokea ushauri wa ndugu mmoja wa kanisani. "Papa, funga siku tatu. Kama haukule, hiyo sukari itatoka fasi gani?" Nikafunga. Na kwa kuwa vidonge vyangu vya sukari humezwa pamoja na chakula, niliviacha pia.

Niliamua kuwa mashine imeharibika, nikapanda gari la kwenda mjini Mbarara kununua nyingine.

Mama wa duka la dawa alinipima kwa mashine yake. Kumi na tatu.

"Mzee, mashine iko sawa. Mbovu ni wewe."

Nilikuwa nimesoma mengi juu ya kongosho linalotengeneza insulini, lakini ini sikuligusa. Alinieleza kwamba ini huweka akiba ya sukari baada ya mlo, na akiba ikipungua hutengeneza nyingine, hata kutokana na protini za mwili wenyewe. Alfajiri homoni huliamuru litoe zaidi. Kwa mtu mwenye afya, insulini hulizuia. Langu halisikii vizuri.

"Hiyo dawa uliacha ndiyo inafunga bomba ya ini. Wewe umefungulia bomba, halafu umeenda kuomba!"

Nilicheka, na sauti yangu ikanishtua.

"Nyumbani nani anakuangalia?"

"Hakuna."

"Basi hapana funga tena bila kuuliza daktari. Na jirani apate ufunguo."

Nilikula chapati na maharage, nikameza kidonge kilichokuwa bado mfukoni, nikanunua kitasa chenye funguo mbili. Niliporudi nyumbani, mmoja nilimpa jirani, mama Mrundi ambaye kwa miaka minne tulisalimiana tu. Aliupokea kwa mikono miwili.

Katika laki moja niliyobeba kwa ajili ya mashine, nauli, chakula na kitasa vilikula elfu arobaini na tano. Nilibaki na shilingi elfu hamsini na tano, na mashine yangu ileile.