Simu ya Stambuli Kutoka Lukwele

Watu wakisikia nilikuwa mtani wa Stambuli hunipa pole, kisha hutabasamu. Wanakumbuka vituko vyetu. Mimi Mnyamwezi, baba yangu alikuja na kazi za reli akaishia Ngerengere, mimi nikahamia Mkuyuni. Yeye alikuwa Mluguru wa mlimani kabisa, juu ya Mkuyuni. Makabila yetu yanataniana tangu enzi za mababu: mtani unamtukana mchana kweupe, unaondoka na kuku wake, na akifa ni wewe unayepaswa kuwachekesha wafiwa. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Stambuli alilima pilipili manga na ndizi, lakini kilichomfanya ajulikane ni maporomoko ya maji ya Lukwele. Hayamo kwenye mabango ya hoteli za mjini. Yako ndani ya msitu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na huko mvua hainyeshi kwa ratiba ya mtu. Alipeleka wageni wachache, yeye mbele, anaburuta ule mguu wa kushoto uliovunjika utotoni, panga mkononi, domo halifungi njia nzima. Akifika kivuko cha mwisho ananyamaza. Anachuchumaa, anatazama maji. Yakileta majani makavu, mnavuka. Yakileta mabichi, yaliyopukutishwa muda huohuo, juu mvua imeshachafua, mafuriko yanakuja, na hapo hata uwe mgeni wa serikali atakurudisha. Nilimwambia anaogopa maji, ndiyo maana hata kuoga haogi. Alicheka wiki nzima.

Mwaka juzi nilimpelekea mama mkwe wake habari kwamba Stambuli amefariki. Mama wa watu akaja analia, mkeka kichwani, akamkuta mkwewe anatafuna mihogo. Stambuli akaapa kunirudishia. Machi mwaka jana akanipigia simu kwamba ameumwa na nyoka shambani, anakata roho. Niliendesha pikipiki kwenye matope, nikaanguka mara mbili. Nilimkuta amekaa na nusu ya kijiji, wote wananisubiri wanicheke. Nikasema huyu sasa hanipati tena.

Wiki tatu baadaye, masika yamekolea, alipanda Lukwele peke yake kuchonga ngazi za udongo, maana alikuwa na wageni Jumatatu. Saa nane mchana simu yangu ikaita.

"Abeid, nimeteleza hapa kivukoni, mguu umevunjika. Majani yanayokuja ni mabichi. Njoo na watu."

Nikamuuliza, "Wa kushoto au wa kulia? Ukishakufa nipigie, nije nizike."

Nikakata. Nikacheka peke yangu, Mungu anisamehe. Baadaye roho ikanisuta kidogo, nikapiga, haipatikani. Nikajisemea kajificha mahali na genge lake. Nikala ugali wangu.

Saa kumi akaja mkewe, Mwajuma, ana kanga imelowa chapachapa, akauliza kama nimemwona mume wake. Habari ya simu sikumwambia yeye wala mtu mwingine. Niliwaita wanaume wanne tukapanda, na njia nzima mimi ndiye niliyekuwa mbele, sijui pumzi niliitoa wapi.

Kivukoni maji yalikuwa yameanza kushuka, majani mabichi yamejaa kwenye mawe pande zote. Stambuli alikuwa upande wetu, kwenye mizizi ya mti. Alikuwa amejifunga mzizini kwa mkanda wa suruali yake ili maji yasimchukue, na maji yakamfuata hapohapo. Maana yake alinisubiri. Simu hatukuiona.

Siku ya tatu, kuvunja matanga, Mwajuma alinitolea kofia na buti za marehemu, kama desturi inavyotaka, mtani amwigize. Nikavaa. Watu walikuwa wananitazama, wamechoka kulia. Nikapita uani naburuta mguu wa kushoto, nikawasema wapishi, nikachuchumaa mbele ya ndoo ya maji nikaitazama kwa hofu. Wakaanza kucheka. Kisha nikaweka mkono sikioni kama mtu anayeongea na simu, nikasema kwa sauti yake, "Abeid, nimeteleza hapa kivukoni, mguu umevunjika. Njoo na watu." Na kwa sauti yangu nikajibu yale yale niliyomjibu.

Nilitaka wajue. Nilitaka mtu mmoja anyanyuke anizabe kofi. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mwajuma naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, machozi yanamtoka, akanishika mkono.

"Umempatia, shemeji," akasema. "Ni yeye kabisa."

Buti zile bado ninazo. Kila tukionana, Mwajuma huniomba niiigize ile simu tena, na mimi naiigiza.