Salamu Zilizomaliza Betri ya Kamina

Mama ndiye aliyenituma. Vita vilikuwa vinashuka kutoka kaskazini, dada yangu Ngoie na watoto wake wako bado Kabongo, na kila ujumbe wa kumwita tuliotuma kwa phonie kutoka Lubumbashi ulifika Kamina ukapotelea hapo. Mimi ni fundi wa phonie, redio hizo za kuzungumzia mji kwa mji. Nikapanda treni, roho mkononi.

Stesheni ya Kamina nilielezwa mambo yalivyo. Phonie ya reli iliishia pale. Ya kuita Kabongo ilikuwa ya wafanyabiashara wa mjini. Ujumbe ulipelekwa kwa miguu kutoka moja hadi nyingine.

Nyumbani kwa Ba Ramazani, mfanyabiashara wa asili ya Maniema mwenye phonie hiyo, nilinyweshwa chai kwanza. Mashine ilikuwa nzima, nyaya nzima. Akaita Kabongo. Akamsalimu mwenzake, wake zake, watoto, jirani mwenye kikohozi, mpaka mbuzi. Alikuwa bado anacheka mashine ilipozimika. Ujumbe wetu ulibaki chini ya bakuli la sukari, haujasomwa.

"Baba, salamu njo inakula batteri," nikasema.

"Sasa niite muntu bila kumusalimia? Yeye iko kuku?"

"Vita haingoyake salamu. Dada yangu iko kule."

Aliinua bakuli la sukari, akachukua karatasi yetu. "Aya. Ujumbe ya bengine itatangulia. Salamu itakula batteri yenye itabakia."

Kesho yake, paneli ya jua ilipokwisha kuijaza betri, alianza na ujumbe wetu: "Ngoie, shuka Kamina na batoto, leo." Akamtaka mwenzake aurudie neno kwa neno. Aliurudia. Nililia mbele ya watu, sikuona haya. Tangu hapo ujumbe wa reli ukawa wa kwanza.

Ngoie alifika kwa baiskeli za kukodi, watoto wamejaa vumbi, hana hata sufuria. "Yaya, tuko bazima," aliniambia mimi kaka yake mkubwa, kabla hata ya kunishika mkono.

Tulirudi Lubumbashi kwa treni, na desturi ile tukarudi nayo. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, lakini kwetu bado habari hutangulia salamu. Ba Ramazani alishatutoka, na mimi huikumbuka sana sauti yake ikiuliza habari za mbuzi wa Kabongo.

Mvua zilizopita, mpwa wangu, mwana wa Ngoie, alinipigia. "Mujomba, mama amekufa."

Alifanya kama nilivyowafundisha. Nami nilikaa na simu sikioni, nikitamani angeanza na watoto, na jirani, na mbuzi, mpaka betri iishe.